Kibandiko cha Pawa Saplai

Kazi ya mhakiki ni kusoma kilichoandikwa na kukipima kwa kilichomo. Tumezoea kuifanya kazi hiyo kwa riwaya, tamthiliya na diwani, tukiulizana habari za fani na maudhui, na wanafunzi wetu wameyakariri maneno hayo mawili hadi yamechakaa. Leo nataka kuhakiki andiko fupi zaidi, ambalo nadhani hapa Mzinga na mjini Morogoro limenunuliwa mara nyingi kuliko diwani yoyote, na kusomwa mara chache kuliko zote. Ni kibandiko kilichogandishwa ubavuni mwa pawa saplai, lile sanduku la bati lililomo ndani ya kompyuta ya mezani, linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya mashine. Pamoja na kibandiko hicho nitahakiki sentensi moja inayokwenda nacho sambamba, ambayo kila mwenye kompyuta ya zamani ameisikia kwa fundi: "Imekufa hii, nunua nyingine."

Nitaje mapema upande nilio. Kwa kompyuta ya zamani, pawa saplai yake ya asili iliyofunguliwa na fundi ajuaye, ikabadilishwa viungo viwili vitatu, aghalabu ni bora kuliko mpya ya bei ya chini inayouzwa dukani ikiwa na kibandiko kinachong'aa. Hii si kauli inayopendwa. Wateja hawaipendi kwa kuwa kipya kinatia moyo. Wenye maduka hawaipendi kwa sababu iliyo wazi. Na mafundi wenyewe, ambao ndio wangepata sifa, wameiacha kwa kuwa haiwalipi. Nitakuja kwenye hilo la malipo.

Huenda msomaji akauliza: siku hizi nani bado ana kompyuta ya zamani? Namkaribisha Mzinga. Chini ya milima ya Uluguru, upande huu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ziko steshenari zinazochapa barua za maombi ya kazi, risala za harusi, mikataba ya viwanja na kazi za wanafunzi kwa mashine zilizotengenezwa kabla baadhi ya wanafunzi hao hawajazaliwa. Hatukuzipata kwa uzembe. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na amri hiyo ilipokuja kulegezwa dunia ilikuwa imekwisha kufika mbali. Kwa hiyo wengi wetu tulikutana na kompyuta kama tulivyokutana na koti, ikiwa mtumba. Ilitoka ofisi fulani ya Ulaya au Marekani, ikaja chuoni au kwenye mradi, kutoka hapo ikauzwa mnadani, na mwisho ikatua juu ya meza ya mbao mtaani kwetu. Mtumba hauna aibu. Lakini koti la mtumba huja na vifungo vyake vikiwa vizima. Kompyuta huja na chombo cha umeme kilichokwisha kutumika miaka na miaka, na hicho ndicho hutangulia kuchoka.

Namfahamu mama mmoja mwenye steshenari ya aina hiyo. Mbali na kuchapa, mashine yake ilikuwa ndiyo daftari la kikundi cha kuweka na kukopa cha watu thelathini: hisa za kila mmoja, nani amekopa, nani amerudisha kiasi gani. Siku moja kompyuta ikagoma kuwaka. Fundi akaja, akabonyeza kitufe mara mbili, akanusa, akasema, "Mama, pawa saplai imekufa hii, tununue nyingine." Mama akamjibu, "Haya mwanangu, wewe ndiye ujuaye." Ikanunuliwa mpya, kibandiko kikisema wati 500, ilhali ile ya zamani ilisema 250 tu. Mama alifurahi, alidhani amepanda daraja. Baada ya miezi minne, jioni moja umeme ulikatika na kurudi, ukakatika na kurudi tena, na ile mpya ikafa. Haikufa peke yake. Ilipeleka volti zisizostahili kwenye mazabodi na kwenye diski ya kuhifadhia kumbukumbu, na hesabu za kikundi zikaenda nazo. Karatasi ya mwisho iliyochapwa ilikuwa ya miezi mitano nyuma. Nilikuwapo siku wanakikundi walipokaa chini ya mwembe kuzijenga upya hesabu hizo kwa kumbukumbu za vichwani. Sitaki kueleza yote yaliyosemwa. Itoshe kusema kwamba wako ndugu waliokuwa wakiazimana chumvi, na hadi leo hawasalimiani vizuri.

Ile ya zamani, ya wati 250, ilikuwa bado iko chini ya meza. Fundi mwingine alipokuja kuifungua alikuta kapasita mbili zimevimba vichwa. Basi. Hiyo ndiyo "imekufa" yenyewe.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu majina. Ningependa jina la Kiswahili lisilo la mkopo kwa chombo hiki, lakini sijaona linalokubalika na watu wa benchi. Ukimwambia fundi "kigawa umeme" atadhani unaulizia ule waya mrefu wenye soketi nyingi. Hata neno risasi lina mashaka hapa kwetu: kwa fundi ni ule uzi laini wa madini anaouyeyusha wakati wa kulehemu, lakini penye jirani kama Shirika la Mzinga, linalotengeneza zana za kijeshi, mgeni akisikia kijana anatumwa dukani kununua risasi anaweza kushtuka. Nitatumia maneno ya benchi, na wasanifu wa lugha wanisamehe.

Kazi ya pawa saplai ni kupunguza na kutuliza. Ukutani kuna volti 230 za mkondo geu. Kompyuta haitaki hizo. Inataka mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na volti 3.3, tena kwa ubishi wa kitoto: ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala isizidi 12.6, ile ya 5 isitoke nje ya 4.75 na 5.25. Ndani ya sanduku umeme wa ukutani hugeuzwa kwanza kuwa mnyoofu wa volti karibu 325, kisha transista huukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, ukapitishwa kwenye transfoma ndogo, na mwisho kapasita zikaulainisha kama mchekecho unavyolainisha unga. Kapasita hizo ni vikopo vyenye maji maji ya dawa ndani yake. Joto huyakausha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza nusu ya umri wake. Na pawa saplai iliyozibwa na vumbi la Mzinga, feni yake ikiwa imelegea na mjusi ametagia ndani, haikosi nyuzi hizo 10 wala nyingine 10 juu yake.

Kuna na umeme wenyewe. Mkoa wa Morogoro ni mzazi wa umeme: Kidatu, kwenye mto Ruaha Mkuu, ilianza kuzalisha mwaka 1975 na baadaye ikafikia megawati 204, na njia kuu ya kwenda Dar es Salaam hupita hapa hapa Morogoro. Lakini kukaa karibu na kisima hakumaanishi kunywa maji safi. Tumepita mgao wa 1992, wa 1994 na ule mkali wa 2006, mabwawa yalipokauka. Tangu Februari 2024 bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limeanza kuingiza umeme gridini, na habari ya mgao imebadilika. Hata hivyo pawa saplai haiujui mgao wa taifa. Inaujua waya wa mtaani. Inajua zile saa za jioni ambapo kila nyumba ina jiko na pasi na volti zinashuka, nayo inalazimika kuvuta ampea nyingi zaidi ili kazi iwe ile ile. Inajua ngurumo za masika zinazotoka juu ya Uluguru. Inajua hasa ile dakika umeme unaporudi. Anayechomoa plagi umeme ukikatika, akasubiri utulie ndipo achomeke, amefanya zaidi ya stebilaiza nyingi zinazouzwa kwa maneno matamu.

Na kuna suala la erthi. Plagi yetu ina miguu mitatu, lakini nyumba ngapi zina waya wa ardhi uliofika ardhini kweli? Wapo wanaotumia plagi ya miguu miwili na kuchokoa tundu la tatu kwa kijiti ili iingie. Matokeo yake ukigusa bati la kompyuta hukutekenya kidoleni, na mwenyewe hukwambia, "Usijali, ndivyo ilivyo." Ndivyo ilivyo kwa sababu ndani ya pawa saplai mna kapasita ndogo zinazochuja kelele za umeme na kuzitupa kwenye erthi, erthi isipokuwapo, hutupwa kwenye bati, na kutoka kwenye bati kwako. Vibandiko vingi huagiza chombo kiungwe na ardhi. Ni sentensi ya kweli kuliko zote kibandikoni, nayo ndiyo isiyotiiwa kabisa.

Sasa nirudi kwenye "imekufa". Kama neno la uhakiki, ni neno baya, maana halitofautishi. Mwalimu anayesoma insha na kuandika chini yake "mbovu" hajamsaidia mwanafunzi, na fundi anayesema "imekufa" hajamwambia mteja lolote. Pawa saplai hufa vifo vingi. Iko ambayo feni tu imekwama, sanduku likapata joto na kujizima lenyewe. Iko ambayo fyuzi yake ya kioo imekatika. Na hapa fundi mzuri huutazama ule uzi. Ukiwa umekatika kwa upole, huenda ni uchovu au mshtuko wa umeme uliorudi. Kioo kikiwa cheusi, kuna shoti mbele yake, ama kwenye diodi zinazonyoosha mkondo ama kwenye transista, na kubadilisha fyuzi peke yake ni kununua mlipuko wa pili. Iko inayowaka asubuhi baada ya kubonyeza kitufe mara tano, halafu ikipata joto inakwenda vizuri mchana kutwa. Hiyo kapasita zake zinakauka. Iko ambayo ni nzima kabisa na kilichokufa ni kitufe cha kuwashia. Kila kifo kina bei yake. Ukiviita vyote kwa jina moja, bei huwa moja pia: bei ya sanduku jipya.

Yapo mashine yaliyouawa na swichi ndogo nyekundu iliyo nyuma yake. Upande mmoja imeandikwa 115, upande mwingine 230. Kompyuta ikitoka Marekani huja ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka Morogoro bila kuitazama swichi hiyo, umeme ndani huongezwa maradufu, zile kapasita kubwa mbili zilizotengenezwa kuvumilia volti 200 kila moja hupelekewa zaidi ya 300, na mlio wake watu huukumbuka. Hapo maandishi yalikuwapo, makubwa, kwenye bati. Hayakukosa ukweli, yalikosa msomaji.

Kipimo chenyewe cha mafundi nacho kinastahili kuhakikiwa. Ukichukua kipande cha waya ukaunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye ile plagi kubwa, pawa saplai ya ATX itawaka bila kompyuta, na feni itazunguka. Wengi hapa husema, "Ona, nzima." Feni kuzunguka ni kama mtahiniwa kuitika jina lake: tumejua yupo, hatujajua anajua nini. Pawa saplai yenye kapasita zilizokufa nusu huzungusha feni bila taabu, na volti zake bila mzigo huonekana safi kwenye mita. Mpe mzigo ndipo 12 iwe 10.9. Hapo ndipo kompyuta inapojizima katikati ya barua ya mtu.

Nije kwenye kibandiko. Kile cha ile pawa saplai mpya ya mama nilikisoma mwenyewe, na nilipomaliza nilichukua kalamu. Juu kimeandikwa kwa herufi kubwa: wati 500. Chini yake kuna jedwali dogo, herufi za sisimizi. Volti 12, ampea 14. Volti 5, ampea 18. Volti 3.3, ampea 16. Halafu vijistari viwili vya ampea mbili na nusu ampea. Wati ni volti mara ampea, hesabu ya mtoto wa sekondari. Kumi na mbili mara 14 ni 168. Tano mara 18 ni 90. Tatu nukta tatu mara 16 haifiki 53. Ongeza vile vidogo, wati 16. Jumla haifiki 330. Kibandiko kinajikana chenyewe kati ya mstari wa juu na mstari wa chini, wala hakuhitajiki maabara kukinasa. Yatosha kukisoma hadi mwisho. Na hizo 330 ni ahadi tu.

Tulipolifungua lile sanduku, ahadi nayo ikapungua. Kwenye bodi ya ndani kuna mahali palipochorwa alama za koili za kuchujia umeme unaoingia. Koili hazipo, pamewekwa vipande vya waya mtupu. Mtengenezaji alijua kinachotakiwa, akakichora, kisha akakiacha. Transfoma ni ndogo, mabati ya kupoza transista ni membamba kama ya kopo la maziwa, nyaya ni nyembamba. Uzito wa chombo hiki hauongopi: ukiishika ya zamani mkono mmoja na mpya mkono wa pili, utajua ipi ina shaba. Kibandikoni mna alama ya CE, ambayo wanunuzi huichukulia kama muhuri wa mkaguzi. Kwa bidhaa za namna hii, alama hiyo ni tamko la mtengenezaji mwenyewe, naye hapa hakuweka jina linaloeleweka wala anwani. Tuna Shirika letu la Viwango lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, lakini nafasi ya kibandiko haimwambii mnunuzi wa Mzinga amshike nani. Kazi isiyo na mwandishi! Kwa diwani tungesema ni fasihi simulizi.

Ingekuwa haki kusema kwamba si kila pawa saplai mpya iko hivyo. Zipo nzuri sana, nzito, zenye ulinzi wa kuzima zenyewe volti zikizidi, na anayeweza kuzinunua anunue. Hata hizo, kwa kompyuta ya zamani, zina jambo la kutazamwa ambalo wati za juu hazilisemi. Kiwango cha ATX kilitolewa na Intel mwaka 1995, na kwa miaka ya mwanzo prosesa zilikula umeme wao kutoka kwenye ile njia ya volti 5. Mwaka 2000, Pentium 4 ilipokuja, ikaongezwa plagi ndogo ya miguu minne, na chakula kikahamia njia ya volti 12. Pawa saplai za leo zimejengwa kwa mazoea hayo mapya: zimejaa upande wa 12 na kukonda upande wa 5. Kwa hiyo mashine ya mwaka 1999 ikiwekewa mpya ya wati nyingi huweza kufa njaa mbele ya sufuria iliyojaa, kwa sababu chakula kiko sufuria nyingine. Njia ya hasi 5, iliyohitajiwa na baadhi ya kadi za zamani, nayo imeondolewa katika viwango vya baadaye. Tena kuna plagi zinazofanana kwa umbo na kutofautiana kwa nyaya: mashine kadhaa za Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zina plagi inayoingia kabisa kwenye ATX ya kawaida huku nyaya zake zimepangwa kivyake. Ukiamini umbo unaunguza mazabodi. Fani moja, maudhui mbalimbali. Ningewaonyesha wanafunzi mfano huo kama wangekuwa na subira.

Nisije nikaeleweka kwamba namtuma kila mtu achukue bisibisi. La hasha. Zile kapasita kubwa huweza kubaki na volti zake zaidi ya 300 baada ya plagi kuchomolewa, na hazina huruma. Fundi anayejua huchomoa, husubiri, hupima kwa mita, na ikibidi huzimaliza nguvu kwa balbu ya taa yenye nyaya mbili. Hagusishi bisibisi ili aone cheche. Matengenezo mabaya nayo ni mengi. Kuna anayetoa kapasita kwenye redio iliyokufa, ya kuvumilia nyuzi 85, na kuiweka mahali palipokuwa na ya nyuzi 105 iliyotengenezwa maalumu kwa umeme wa kukatwakatwa. Vikopo vinafanana, namba mbili kati ya tatu zinafanana, na baada ya wiki sita mteja anarudi akisema kutengeneza ni kupoteza fedha. Hana kosa. Transista ikiwa imelipuka na kuondoka na vijidude vyote vinavyoiongoza, au bodi ikiwa imeungua hadi kuwa mkaa, mimi mwenyewe ningesema itupwe, yaani ing'olewe kinachofaa kwanza.

Lakini kapasita zilizovimba ni jambo jingine, na mashine za umri huu zimejaa kapasita hizo kuliko kawaida. Kati ya mwaka 1999 hivi na 2007 soko la dunia liliingiwa na kapasita zenye maji maji yasiyochanganywa sawasawa, zikavimba ndani ya mazabodi na pawa saplai za makampuni makubwa na madogo. Mashine za miaka ile ndizo baadaye ziliuzwa kwa bei nafuu au kutolewa msaada, na sehemu yake ziko kwetu. Kumwambia mwenye mashine ya mwaka 2004 kwamba pawa saplai yake imekufa, bila kufungua kifuniko na kutazama vichwa vya kapasita, ni kama kuhakiki kitabu kwa kutazama jalada. Na tunajua wahakiki wanaofanya hivyo.

Kwa nini basi fundi hafungui? Hapa ndipo penye malipo. Kapasita mbili nzuri, zikipatikana, bei yake hukaribia nauli ya daladala kwenda mjini. Kuzitafuta huenda kukamgharimu siku, au kuziagiza Kariakoo. Kuzilehemu ni nusu saa, kupima kwa mzigo ni saa nyingine. Akimwambia mteja alipe kazi hiyo kwa haki, mteja husema, "Vijidude viwili tu hivi, kwa bei yote hiyo?" Mteja huyo huyo hulipa mara mbili yake kwa sanduku jipya bila kuguna, kwa sababu sanduku linaonekana, lina boksi, lina plastiki. Tumeamua, bila kukaa kikao, kwamba tutalipia bati na hatutalipia macho. Fundi naye ana watoto. Sentensi ya "imekufa, nunua nyingine" haikutungwa na fundi peke yake. Tumeitunga naye sisi wateja, na mama wa steshenari aliniambia hivyo kabla sijamwambia mimi.

Ile ya wati 250 ilibadilishwa kapasita zake mbili na ya tatu iliyokuwa jirani, ikasafishwa, feni ikatiwa tone la mafuta, ikawekwa kwenye mashine nyingine ya aina ile ile iliyonunuliwa bila pawa saplai. Inafanya kazi hadi ninapoandika haya. Mzigo wote wa mashine hiyo haufiki wati 200. Hesabu za kikundi sasa huchapwa kila mwisho wa mwezi, nakala mbili, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina.

Fundi aliyeitengeneza aliandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye bati, chini ya kibandiko cha kiwandani: tarehe, kapasita tatu na ukubwa wake, halafu 5.03 na 11.9. Ni andiko ninaloliheshimu. Kasoro yake ni kwamba hakutaja volti hizo alizipima kwa mzigo gani, wala hakuweka jina lake. Nilipomwuliza alicheka, akasema, "Mzee, jina la nini, si wananijua?" Nikamwambia atakayeifungua baada ya miaka mitano huenda asimjue. Alichukua kalamu akaongeza: ampea 6 kwenye 12. Jina bado hajaweka.